Kabla ya roboti, mpe mtoto redio mbovu: uzi wa wazazi, walimu na mafundi wa Kisumu, Nakuru na Vihiga

SoldaKisumu

Wadau habari zenu. Nafungua huu uzi juu kila nikiingia kwa grupu ya wazazi swali ni lile lile, nimpeleke mtoto wa Grade 10 ama wa Form 3 darasa gani la teknolojia, na jibu nalo ni lile lile, mpeleke penye wako na roboti. Mimi ni fundi wa elektroniki hapa Kisumu, si mwalimu wa serikali wa TSC, ila Jumamosi hukaa na watoto wa sekondari tukifanya kazi ya mikono. Nataka kusema kitu chenye wengine hawatapenda. Darasa likianza na roboti ya kununua, ile inakuja kwa boksi na kila kitu kimekatwa tayari, mtoto anajifunza kufuata picha basi. Atafurahi kabisa, atapiga video atume kwa shangazi, halafu umuulize mbona gurudumu la kushoto linazunguka pole kuliko la kulia, anakutolea macho tu.

Langu linaanza na vitu vibovu. Redio, tochi za kuchaji, spika ndogo zenye zimekataa kuongea, feni, rimoti, charja za simu. Kila mtoto anatoa moja nyumbani, na hakuna nyumba Kenya hii haina droo ya vitu vilivyokufa. Sheria ni hii: kabla hujafungua, sema unadhani kimekufa wapi na uandike kwa daftari. Halafu chukua mita upime. Halafu ndio ushike bisbisi. Wengi wanaandika "betri" na mara nyingi kweli ni betri, lakini ile siku betri iko sawa na tochi bado haiwaki ndio darasa linaanza sasa, juu lazima afuate umeme kutoka betri hadi swichi, hadi bodi, hadi LED, ile taa ndogo yenyewe, akipima kila mahali, mpaka afike penye volti zinapotea. Hiyo akili ya kufuata kitu hatua kwa hatua ndio programa hutumia kutafuta kosa kwa programu, ndio daktari hutumia, ndio makanika wa matatu hutumia pia.

Mko na maoni gani? Na wenye mna klabu shuleni semeni mnafanyaje.

MamaTatu_Section58

Asante kwa uzi. Mimi niko Nakuru, msichana wangu ameingia Grade 10 mwaka huu, STEM, ule upande wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, na kwa STEM akachagua upande wa Technical Studies, anataka umeme. Sisi kama wazazi tuliambiwa kuna uashi, useremala, chuma, umeme, makanika, hata mambo ya ndege na ya uvuvi, na serikali imesema inalenga asilimia 60 ya watoto waende STEM. Sawa. Sasa nikaenda shule kuuliza wakshopu iko wapi nikaonyeshwa chumba kizuri kimepakwa rangi na ndani ni madawati. Mwalimu mwenyewe ni mtu mzuri sana, hata nilimhurumia, akaniambia mama, vifaa viko njiani. Vimekuwa njiani tangu Januari.

Ndio nikaanza kutafuta darasa la likizo nje ya shule. Nilichopata ni kambi ya roboti ya wiki moja, na bei yenyewe ni karibu karo ya muhula. Swali langu kwako fundi: hiyo yako ya vitu vibovu inagharimu nini hasa? Na wasichana wanakuja ama ni vijana peke yao? Juu baba yake ashaanza kusema umeme si kazi ya msichana, na mimi sitaki kumpeleka mahali atafika akute vijana kumi na watano na yeye amepewa kazi ya kuandika majina.

SoldaKisumu

Mama Tatu karibu, na pole kwa hiyo ya vifaa kuwa njiani, huku pia viko njiani.

Nianze na pesa. Mita ya kawaida ya kupima ni kama shilingi 600 hadi 800. Chuma cha solda cha bei rahisi 400 hivi, waya ya solda, bisbisi seti moja ya vichwa vingi, plaizi ya kukata. Hizo watoto wanne wanaweza kutumia pamoja. Risista (zile za kupunguza umeme), LED na swichi tunang'oa kutoka bodi zilizokufa, na kung'oa kwenyewe ni somo, juu ukichoma sana unaharibu, ukichoma kidogo haitoki. Mtoto akishatoa vipande ishirini kwa bodi mbovu, mkono umetulia, hata ukimpa bodi nzima ya mtu huogopi. Kwa hivyo kikundi cha watoto wanne kinaanza na pesa haifiki elfu tatu.

Sasa linganisha na printa ya 3D yenye kila mtu anataka iwe ya kwanza. Mimi sizichukii, zinafanya kazi nzuri. Lakini piga hesabu. Kitu kidogo tu, tuseme kifuniko cha betri cha rimoti, pamoja na kupanga na kuanza, kinaweza kula masaa mawili. Darasa la watoto 40, kila mtu kimoja, ni masaa 80. Mkikutana Jumamosi masaa manne, hizo ni Jumamosi 20, karibu mihula miwili, na watoto 39 wanaangalia mashine ikifanya kazi. Hapo sijaweka stima kupotea katikati, na nyinyi mnajua stima yetu. Halafu ile plastiki inayotumika sana, PLA, inaanza kulegea ikifika nyuzi 60 hivi, kwa hivyo ukitengeneza kishikio cha simu ukiache ndani ya gari limeegeshwa juani hapa Kisumu, jioni utakuta kimeinama kama mshumaa. Printa ni nzuri ikiwa mtoto ashapima kitu kwa rula, ashachora, na anajua mbona anataka kukiprinti badala ya kukata mbao. Kwa wenye mko huku na mnataka mtoto aone hizi mashine bila kununua, LakeHub iko mjini, FabLab Winam pia iko hapa hapa Kisumu, ulizeni mapema siku zenye wanapokea wanafunzi.

Wasichana wanakuja. Na hiyo ya kuandika majina ni ukweli mtupu, nimeiona. Ukiacha watoto wajigawe wenyewe, kijana ananyakua chuma cha solda na msichana anapewa daftari, hata akiwa ndiye anaelewa zaidi. Kwangu chuma kinazunguka kwa saa, mwenye amekishika akimaliza anakuwa mwenye daftari, hakuna mjadala. Mwambie baba yake hivi: tochi haijui ni nani amefungua.

Omera_wa_Kondele

Fundi nakuheshimu lakini hapa umenikosea njia. Watoto wa Nairobi wako kwa mashindano ya roboti, kuna timu ya Kenya ilienda mpaka Washington 2017 kwa yale mashindano ya dunia ya FIRST Global, sisi huku tunaambiwa watoto watengeneze tochi? Si hiyo ndio jua kali ya mafundi yenye iko soko la Kibuye tangu mimi nizaliwe? Mtoto wa mtu aende shule alipe karo miaka yote ndio aje kurekebisha redio ya nyanyake?

Uingereza 2016 BBC walipeana micro:bit, kibodi kidogo cha kuprogramu, bure kwa watoto wa darasa moja nchi nzima, karibu bodi milioni moja. Watoto wa miaka kumi na moja na kumi na mbili wanaandika programu. Dunia iko hapo. Unampa mtoto Arduino leo, ile bodi ya kuprogramu iwashe taa na mota, kesho ako na kitu cha kuonyesha akitafuta nafasi ya chuo. Tochi nani ataangalia? Na uchumi wa kutengeneza vitu umekufa, charja ya mia mbili ikiharibika mtu ananunua ingine. Tusipeleke watoto nyuma kwa sababu sisi wenyewe tulizoea umaskini.

Mwalimu_wa_Vihiga

Nafundisha Fizikia upande wa Vihiga, na niko na klabu ya sayansi, kwa hivyo wacha niseme kile tumefanya, wala sitaki kugawa nani ako sawa.

Watoto wangu wa Form 3 walitaka mradi wa Kongamano la Sayansi, nyinyi mnaita KSEF sasa, ile inaanza sub-kaunti, kaunti, rijono mpaka taifa. Kila mwaka kuna mtu analeta volkano ya baking soda na sabuni ya kitunguu. Nikawauliza nyumbani shida iko wapi, na hapa Vihiga jibu utalijua hata bila kuuliza, ni kuku. Vifaranga vinakufa usiku na baridi. Kifaranga wiki ya kwanza anataka nyuzi kama 33 hadi 35, halafu unashusha karibu nyuzi 3 kila wiki mpaka aote manyoya. Akina mama wanaweka jiko la makaa ndani ya kijumba, na jiko likizima saa nane usiku hakuna mtu wa kuamka, na likikosa hewa gesi yake inaua vifaranga na watu pia.

Kwa hivyo wakasema tufanye bruda, yaani boksi la kupasha vifaranga joto, ya sola na Arduino. Nikawaruhusu. Sasa sikizeni hesabu yao. Walitaka balbu mbili za gari, zile za indiketa, wati 21 kila moja kwa volti 12. Hiyo ni wati 42, ampea 3.5. Betri tuliyokuwa nayo ni ya 50Ah, yaani inatoa ampea moja masaa 50. Mmoja akagawanya haraka haraka, 50 kwa 3.5, masaa 14, wakapiga makofi. Nikawaambia betri ya asidi ya kawaida ukiimaliza kabisa unaiua, tumia nusu. Nusu ni masaa 7. Usiku wetu ni masaa 12. Darasa likanyamaza pwa.

Hapo ndipo niliona kitu. Watoto wenye walikuwa kwa programu tu walitaka betri ya pili, pesa. Kijana mmoja mwenye baba yake ni seremala akauliza, kwani joto linatoka wapi? Wakaenda wakaangalia boksi, lilikuwa mbao nyembamba na nyufa. Wakatengeneza boksi la kuta mbili, katikati wakajaza maranda kutoka kwa seremala, bure, juu wakaweka kifuniko chenye tundu la hewa. Baada ya hapo balbu haziwaki usiku mzima, zinawaka zinazima, na betri inafika asubuhi. Arduino ilifanya kazi yake, lakini vifaranga waliokolewa na maranda.

Tulisumbuka na sensa pia. Tulianza na DHT11 yenye inaweza kukosea nyuzi 2 huku ama kule, na kwa kifaranga nyuzi 2 si mchezo, tukabadilisha DS18B20 yenye inakosea nusu nyuzi tu. Halafu rilei, ile swichi yenye Arduino inawasha na kuzima balbu nayo, ikawa inalia taka taka taka kila sekunde juu waliandika washa chini ya 33, zima juu ya 33. Wakajifunza kuacha nafasi, washa ikifika 32, zima ikifika 34. Hiyo huwezi kufundisha ubaoni mtoto akaelewa, lazima asikie rilei ikimpigia kelele.

Kwa Grade 10 wenye wamekuja na mfumo mpya naona nafasi nzuri zaidi, juu wote wana lile somo la lazima la huduma kwa jamii, CSL. Si umtume mtoto kufagia soko kila mwaka, mwache aende apime shida ya jirani.

SoldaKisumu

Mwalimu hiyo ya maranda umenimaliza. Naiba.

Omera, sijasema watoto wasiguse Arduino. Kwangu wanaigusa, ila wakishajua kupima. Na hiyo bodi yenyewe ilitengenezwa Italia mwaka wa 2005 kwa wanafunzi wa usanifu wenye hawakuwa wahandisi, watu walitaka kufanya kitu kiwake na kisonge bila kusomea elektroniki miaka minne. Ni kitu cha mtu wa mikono tangu mwanzo. Shida ni vile tunaifundisha. Mtoto anaambiwa chomeka LED na risista ya ohm 220, kopi hii programu, bonyeza, inawaka, piga picha. Mbona 220? Hajui. Mwenye amepima tochi kumi anajua, juu bodi inatoa volti 5, LED nyekundu inakula kama 2, zinabaki 3, gawanya kwa 220 unapata milliampea 13 na kitu, na pini ya ile bodi haifai kutoa zaidi ya 20 kwa raha. Akikosa risista ya 220 anajua 330 itafanya, itawaka hafifu kidogo. Yule wa kukopi akikosa 220 anafunga mkoba anaenda nyumbani.

Na micro:bit hiyo ya Uingereza, walipeana bodi na wakaweka pia masomo na mafunzo ya walimu. Sisi tulipeana tablet za shule za msingi kuanzia 2016, hebu zunguka shule za karibu na wewe uulize ziko wapi. Nyingine ziko kabatini, zimefungwa kwa kufuli, mwalimu mkuu anaogopa zikiibiwa ataulizwa yeye. Kifaa bila mtu wa kukifungua ni mzigo.

Kuhusu charja ya mia mbili, ni kweli, haina faida kuitengeneza. Sisi hatutafuti faida kwa hiyo charja. Mtoto anaiua mara tatu, na hakuna mzazi atakuja kunidai.

MzeeFundi_Kibuye

Vijana wangu hamjambo. Mimi ni fundi wa chuma hapa Kibuye, mjukuu ndiye ananisaidia kuandika, mtanisamehe.

Mnaongea kama hii kitu imeanza jana. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza 1985 ilisemwa hivyo hivyo, mtoto ashike kazi, asitoke shule akitafuta ofisi. Wazazi tuliambiwa tujenge wakshopu. Tulijenga na harambee, mtu aliuza mbuzi. Shule ziliweka useremala, chuma, uashi, umeme, wengine hata makanika. Halafu vifaa havikuja, walimu wakawa wachache, masomo yakawa mengi mtoto anabeba vitabu kama punda, na miaka ya 2000 ilipoanza wakapunguza, masomo ya mikono yakawa ya kwanza kutolewa. Kuna shule naijua, sitaitaja, mashine ya kukereza chuma iko pale nyuma imefunikwa na gunia mpaka leo, kuku wanataga juu yake. Mashine ya maana! Ukiniuzia hiyo nitalia.

Sasa swali langu ni hili. Mafundi tuko. Ukitembea kutoka hapa sokoni mpaka Kondele utahesabu mafundi wa geti, wa masufuria, wa sofa, wa baiskeli, wa simu. Shule iko mita mia mbili kutoka hapa na hakuna siku hata moja mwalimu amevuka barabara kuniuliza, Mzee, njoo uonyeshe watoto kuchomelea. Wanasema sina cheti. Lakini huyo mwenye cheti geti la shule lilipovunjika alimwita nani?

Ila na nyinyi walimu msije na ile ya kusema Mzee ni huduma kwa jamii. Siku nikiwa shuleni sijauza geti. Mkinitaka mnilipe, hata kama ni kidogo, na mnunue miwani ya macho na zile barakoa za kuchomelea kabla sijafika, juu mimi macho yangu yameharibika na sitaki kuharibu ya mtoto wa mtu. Na kitu kingine, sisi mafundi tuna mikono lakini kuchora hatujui. Geti tunapima na kamba. Huyo mtoto wa shule aje na mchoro wenye vipimo, tutafundishana, mimi sina aibu kujifunza.

NjoroShambani

Naunga mkono Mzee mia kwa mia. Hapa Njoro maji ya visima mengi yako na floraidi, angalia meno ya watu wa huku utajua, kwa hivyo maji ya mvua ni dhahabu na kila boma ina tangi. Kijana wa dada yangu wa Form 4 alitengeneza kitu cha kupima maji kwa tangi bila kupanda ngazi. Akatumia ile sensa ya sauti ya macho mawili, HC-SR04, inatuma sauti ikigonga maji inarudi, unapima muda. Sauti inaenda mita 343 hivi kwa sekunde, na lazima ugawanye kwa mbili juu imeenda na kurudi. Mara ya kwanza hakugawanya, tangi la mita mbili likasema liko na mita nne, tukacheka vizuri.

Halafu baada ya muda ikaanza kuleta namba za uongo. Kumbe ndani ya tangi kuna mvuke, asubuhi matone yanashika kwa yale macho, na hiyo sensa haijatengenezewa maji. Iko ingine ya kuzuia maji, JSN-SR04T, jicho moja na waya mrefu, akanunua hiyo. Nayo ikaja na yake: kitu kikiwa karibu kuliko sentimita 20 na kitu haikioni, kwa hivyo tangi likijaa kabisa inachanganyikiwa. Akaenda kwa fundi wa bomba hapa Njoro, wakaiinua juu na kipande cha paipu kubwa juu ya kifuniko. Fundi wa bomba ndiye alimaliza kazi! Ukiniuliza huyo kijana alijifunza zaidi kwa yale mavuke kuliko kwa programu yote.

MamaTatu_Section58

Nimesoma yote na kalamu mkononi. Fundi nimekubali na msichana wangu naye amesoma, amefungua droo tayari, ametoa tochi mbili, betri za laptopu ya zamani na anaangalia maikrowevu yangu yenye iliharibika. Nimemwambia angoja kwanza. Kitu gani asiguse?

SoldaKisumu

Mama afadhali umeuliza!! Maikrowevu hapana. Kwangu haipiti mlangoni hata ikiwa imechomolewa mwezi mzima. Ndani kuna kapasita, kile kipande cha kuhifadhi umeme, ya volti elfu mbili hivi na inaweza kukaa na moto wake baada ya kuchomoa, na hiyo inaua mtu mzima. Televisheni za zamani za kisogo kikubwa pia hapana, zile Great Wall na ndugu zake.

Tochi za kuchaji ni sawa lakini sikiza vizuri. Zile za kuchomeka moja kwa moja kwa soketi, nyingi hazina transfoma ndani, zinapunguza umeme kwa kapasita tu, maanake bodi yote imeunganishwa na stima ya 240 ukiwa umechomeka. Kwa hivyo afungue ikiwa imechomolewa, kila wakati, na asiwahi kuipima ikiwa kwa soketi. Akitaka kuona ikiwaka atumie betri yake yenyewe.

Betri za laptopu, zile za mviringo ndani, 18650, ni nzuri sana na ndio zinachoma nyumba. Ikijaa ni volti 4.2, ukipitisha hapo ama ukiunganisha kichwa na mkia kwa bahati mbaya inaweza kulipuka moto usiozimika kwa urahisi. Asizivunje mwenyewe. Akishakaa na mtu anajua, zinachajiwa na bodi yake maalum yenye ulinzi, na zenye zimeshuka sana ama zimepata kutu ama zimevimba zinatupwa, na si kwa jalala la nyumbani.

Solda: dirisha wazi, feni ndogo ivute moshi usiende puani, miwani, nywele zifungwe, na kuosha mikono kabla ya kula juu solda nyingi za huku ziko na risasi ndani. Asile mandazi mezani penye anachomea. Hiyo ya mandazi ndio sheria inavunjwa kuliko zote.

Aanze na redio ya betri, si ya stima. Volti 3 hadi 6 haimfanyi mtu kitu. Mpe hiyo mwezi mzima.

Omera_wa_Kondele

Sawa nimesoma bruda na tangi na nimeshuka kidogo, lakini kidogo tu. Bado swali langu la karatasi hamjajibu. Mtoto wa Form 3 na Form 4 ako na KCSE, hawa wa 8-4-4 wanamaliza 2027, mwenye anafanya Computer Studies ako na karatasi ya tatu ya projekti na hiyo inataka kitu kimeandikwa kwa mpangilio. Tochi ishirini bila karatasi ni maneno ya mdomo. Mwenye anataka TVET, vile vyuo vya ufundi, ama chuo kikuu ataonyesha nini?

SoldaKisumu

Daftari Omera. Lile lile la kuandika "nadhani imekufa hapa". Tarehe, picha kabla, picha baada, vipimo vya mita, mchoro wa saketi kwa mkono, kile alidhani na kile kilikuwa. Mtoto mwenye ako na daftari limejaa hivyo akienda kuhojiwa anaweza kuongea nusu saa bila kuangalia karatasi. Mwenye ako na cheti cha kambi ya wiki moja ataongea dakika mbili. Lakini nakupa hiyo, darasa langu halikuwa linapiga chapa chochote, na kwa vijana wa projekti ya KCSE ninafaa kuwakalisha wapange upya kwa kompyuta. Uko na muda Jumamosi? Wewe unaonekana unajua kuandika.

Omera_wa_Kondele

Umenishika. Niko, lakini si asubuhi, niko na mechi.

Mwalimu_wa_Vihiga

Mzee wa Kibuye, kama uko hapa bado, mimi nimevuka barabara sasa. Shule yetu iko na pesa kidogo ya klabu, nimeongea na mwalimu mkuu leo saa nne, amekubali kukulipa siku nzima na nauli. Tunataka watoto wachomelee fremu ya kushikilia sola ya bruda, juu sasa iko kwa vijiti na upepo wa mwezi wa nane utaitoa. Miwani na barakoa mbili za kuchomelea tunanunua wiki hii. Mashine ya kuchomelea hatuna.

MzeeFundi_Kibuye

Mwalimu nimesoma. Mashine nitakuja nayo, ile ndogo ya inveta, lakini niambie stima yenu iko sawa ama ni ile ya kupepesa, na soketi ya maabara ni ya ampea ngapi, juu ile ya kawaida ya 13 fyuzi itaruka tukichoma chuma kinene. Chuma chenyewe nunueni pembe nne ya inchi moja, msinunue nyembamba juu watoto wataitoboa. Na hao watoto waniletee mchoro mapema, wenye namba, si picha ya sola na mishale.

Mwalimu_wa_Vihiga

Mchoro wanafanya leo jioni prepu, nitatuma picha hapa. Soketi naenda kuangalia. Ukifika Luanda nipigie, kuna pikipiki ya shule itakuja kubeba mashine, wewe panda na matatu.